Jinsi ya kuandaa matembezi ya hisani ya mbwa, na kuandika habari zitakazowafanya watu wachangie tena

Maswali ni yale yale. Mtu kajiunga na kikundi cha kuokoa mbwa, wiki ya tatu anaambiwa "si wewe ni mzoefu wa mitandao? Tuandalie basi tukio la kuchangisha." Anakubali kwa furaha, halafu usiku usingizi unamruka: nianzie wapi, mbwa wangapi, ada iwe kiasi gani, na wakipigana je? Nimeyajibu maswali haya kwa simu, kwa ujumbe, na mara moja nikiwa nimemkumbatia mbwa mwenye ukoko huku dawa ikinidondokea miguuni. Sasa nayaandika.

Nimechagua matembezi ya hisani kwa sababu ndiyo tukio rahisi kuliko yote kwa kikundi kichanga. Mnada au chakula cha jioni hudai mtaji, na mtaji ukipotea umepotea na chakula cha mbwa. Matembezi yanataka njia, maji, kamba na watu makini. Ila tambua mapema kwamba matembezi yenyewe ni saa mbili tu. Pesa nyingi huingia kabla ya siku hiyo, na mchango wa mwaka ujao hutegemea habari utakazoandika baada yake. Ndiyo maana hapa nitakusumbua kwa mambo ya kalamu karibu sawa na mambo ya kamba.

Vya kuwa navyo kabla hujatangaza

- Kibali cha kutumia njia au uwanja, kwa maandishi. "Tulimwambia mhusika akasema sawa" si kibali.
- Akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili. Siyo simu ya mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni malaika.
- Daktari wa wanyama atakayekuwepo. Akikosekana, kliniki ambayo umehakikisha kwa kupiga simu kwamba itakuwa wazi saa hizo.
- Watu wa kujitolea 10 hadi 12 kwa kila mbwa 40.
- Kamba tano za akiba, angalau mbili ziwe za kitanzi, zinazoweza kumshika mbwa asiye na kola.
- Maji, mabeseni, sabuni, taulo, blanketi kuukuu mbili na sanduku la huduma ya kwanza.
- Mifuko ya kinyesi, mara mbili ya unayodhani inatosha.
- Utepe wa njano, mita chache. Nitaueleza.
- Mpiga picha mmoja ambaye hana kazi nyingine yoyote siku hiyo.

Kibali na akaunti vikikosekana, usitangaze. Vilivyobaki vinaweza kukamilika njiani.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja la kuchangia, kisha piga hesabu

"Kusaidia mbwa wetu" halimgusi mtu. "Kuwafunga uzazi majike 20" linamgusa, kwa sababu analiona na anaweza kulihesabu. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mtu yeyote aliyewahi kuona boksi la watoto wa mbwa limeachwa kando ya barabara ataelewa bila mhadhara.

Muulize daktari gharama ya jike mmoja, dawa za baada ya upasuaji zikiwemo, kisha igeuze kuwa ada za washiriki. Tuseme gharama ya jike mmoja ni sawa na ada tano. Majike 20 ni ada 100. Wewe unatarajia washiriki 40, kwa hiyo ada peke yake itawafikia majike 8. Hapa ndipo wengi huja kugundua wamechelewa, na hugundua siku yenyewe.

Pengo linazibwa na wadhamini. Kila mshiriki akitafuta watu wanne, kila mmoja akatoa nusu ya ada, huyo mshiriki ameleta ada mbili zaidi. Mara 40 ni ada 80, yaani majike 16. Ukijumlisha na wale 8 unapata 24. Lengo lako lilikuwa 20, na ile ziada ya wanne waachie wanaoahidi wasitoe. Wapo, na huwajui hadi mwisho.

Gharama za tukio lenyewe (maji, mabango, usafiri) ziombee kwa wafanyabiashara kama vitu, siyo pesa. Ukiweza kusema "kila senti ya ada inaenda kliniki" na iwe kweli, umeshinda nusu ya vita.

*Angalizo:* bahati nasibu huvutia, lakini sehemu nyingi ina sheria na kibali chake, hata ikiwa ya hisani. Uliza kabla ya kuchapisha tiketi.

Hatua ya 2: Panga siku, saa na njia

Acha wiki nane kati ya leo na siku ya tukio. Ukitaka kisingizio cha kuwapa waandishi wa habari, ziko siku zinazojulikana: 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani. Zikikuangukia katikati ya wiki, chukua Jumamosi iliyo karibu. Epuka kabisa siku zenye fataki.

Kuhusu saa, sina mjadala: asubuhi mapema. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huzidiwa kabla ya wengine hata siku ambayo wewe unaona ni ya kawaida. Ukiwa na shaka na lami, weka nyuma ya kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zao pia zitashindwa.

Njia iwe kilomita 3, ya kuzunguka na kurudi ulipoanzia, na iwe na mchepuko wa kilomita 1 kwa wazee wenye miguu minne na watoto wenye miguu miwili. Itembee mwenyewe, ukiwa na mbwa, saa ile ile ya tukio. Kwenye karatasi huwezi kuona jalala lenye mifupa wala geti la nyumba yenye mbwa watatu wakali.

Hatua ya 3: Amua nani asije

Hii ndiyo hatua watu hawaipendi, maana inabidi kuwakatalia wenye nia njema. Wasiokuja ni hawa:

Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo. Chanjo zao huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wafike wiki 16 hivi. Kabla ya hapo parvo, ugonjwa mkali wa kuhara, inawapata kirahisi, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Picha yao ni nzuri, najua. Wapigieni picha nyumbani.

Jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa. Hata awe mpole namna gani, madume ishirini watasahau adabu yote waliyofundishwa.

Mbwa asiye na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Huyu harudishwi kwa kubembelezana, anarudishwa tu.

Na mbwa wako mwenyewe uliyemwokoa juzi. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza tulimleta jike mmoja mwembamba tuliyemwita Pazia, kwa sababu siku zote alijificha nyuma ya pazia. Alikuwa nasi siku kumi na moja. Nilitaka watu wamwone, maana ndiye aliyekuwa kwenye tangazo. Mtu akajaribu kipaza sauti, kikalia piii. Pazia akarudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, kola ikamtoka kama bangili inavyotoka kwenye mkono wenye sabuni. Nikabaki nimeshika kamba na kola tupu. Tulimkuta saa nne baadaye chini ya gari lililoegeshwa, na katika saa hizo nne hakuna aliyesajili mtu, aliyepiga picha wala aliyehesabu pesa.

Tangu hapo tunaleta mbwa wawili hadi wanne waliozoea watu, kila mmoja na kamba mbili: moja kwenye kola, nyingine kwenye mkanda wa kifua. Kola ipitishe vidole viwili, isizidi. Shingoni wana kitambaa chenye maneno "Natafuta makao". Na hakuna mbwa anayeondoka na mtu siku hiyo, hata mtu huyo alie machozi. Anajaza fomu, tunamtembelea nyumbani, tunaongea na wote wanaoishi humo. Furaha ya uwanjani hudumu mpaka mbwa atakapokojolea zulia.

Hatua ya 4: Sajili watu

Fomu isizidi ukurasa mmoja: jina na simu ya mwenye mbwa, jina la mbwa, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi, anavyokaa na mbwa wengine, na ruhusa ya kupigwa picha. Picha ya mtoto ipigwe na kutumika kwenye habari ikiwa tu mzazi ametia saini. Mwishoni sentensi moja: mwenye mbwa anawajibika kwa mbwa wake.

Kwa mbwa anayehitaji nafasi, iwe ni mwoga, mkali kidogo au amefanyiwa upasuaji karibuni, utatoa utepe wa njano wa kufunga kwenye kamba. Waeleze wote maana yake kwenye fomu: utepe wa njano, usisogee. Uwe na aya fupi kwa watoto pia, kwa sababu mtoto akiona mbwa mwenye utepe huona pambo.

Kila mtu aje na kamba ya kawaida, ya mita moja na nusu hivi. Zile za kujikunja zenyewe zikatae. Zinakata vidole, zinazungukana, na mtu akiiangusha, mpini unamkimbiza mbwa kwa nyuma kama mzimu.

Hatua ya 5: Tuma habari ya kwanza na ya pili

Wiki sita kabla, tuma habari ya kwanza: lengo, tarehe, jinsi ya kujisajili, na mbwa mmoja. Mmoja, si kumi na watatu. Mueleze alivyokutwa, anavyokula sasa, tabia yake moja ya kuchekesha. Wiki mbili kabla, tuma ya pili: waliojisajili wangapi, nafasi zilizobaki, ahadi zimefika majike wangapi. Wape washiriki karatasi ya wadhamini pamoja na maneno mafupi wanayoweza kunakili na kumtumia shangazi yao, kwa sababu wengi hawakosi moyo wa kuomba, hukosa tu sentensi ya kuanzia.

Mambo matatu ya kuepuka hapa. Usitumie picha ya vidonda vibichi. Watu huipita haraka bila kusoma ulichoandika. Usiandike "asipopata msaada leo atakufa" kama si kweli, kwa sababu wiki ijayo watamwona mzima na hawatakuamini tena, hata siku utakayosema kweli. Na usionyeshe makazi ya mbwa yalipo, wala nyumba za wanaowalea kwa muda. Geti likishajulikana, asubuhi utakuta limefungiwa mbwa.

Hatua ya 6: Andaa uwanja

Mbwa hutumia maji mililita 50 hadi 60 kwa kilo moja ya uzito kwa siku akiwa ametulia. Mbwa wa kilo 20 basi ni lita moja na kidogo, kabla hata hajatembea. Panga lita moja kwa kila mbwa, na akiba nyingine kama hiyo kwa kunawa mikono na kumpoza atakayezidiwa. Waambie waje na bakuli zao. Beseni la wote hugawa kikohozi kama linavyogawa maji. Weka kituo cha maji kila kilomita.

Meza ya usajili isiwe mlangoni. Ikiwa mlangoni, mbwa hubanana pua kwa pua wakiwa kwenye kamba zilizokazwa, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanza. Iweke ndani, acha mita mbili kati ya mbwa na mbwa, weka alama chini kwa chokaa. Wanaouza vitafunio wakae mbali na foleni, na waambie wasidondoshe ovyo: chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zenye xylitol (kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa.

Spika zijaribiwe kabla mbwa wa kwanza hajafika. Sababu unaijua.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

1. Kagua kadi ya chanjo, kamba na kola kwenye meza ya usajili, mmoja mmoja. Kola ikilegea, ikaze wewe, usimwambie tu mwenyewe.
2. Hotuba moja, dakika tatu. Anayetaka kuongea zaidi mpe nafasi mwishoni, mbwa wakiwa wamechoka.
3. Wahimize wazunguke uwanja kidogo kabla ya kuanza. Nusu ya kinyesi cha siku hiyo kitatoka hapo, karibu na ndoo zako za taka.
4. Waachie kwa mafungu. Mbwa 40 wagawe mafungu matano ya wanane, fungu moja kila dakika tatu. La mwisho litaondoka dakika 12 baada ya la kwanza, na njia nzima itapumua. Wenye utepe wa njano waondoke mwisho.
5. Mtu mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa. Wa nyuma ndiye muhimu. Habaki mtu nyuma yake.
6. Mpiga picha apige magoti. Picha nzuri ya mbwa hupigwa kwenye usawa wa macho yake. Nyingi nilizokabidhiwa zilikuwa za migongo.
7. Wakirudi, kila mbwa akaguliwe nyayo na kupewa maji kidogo kidogo.

Hatua ya 8: Hesabu pesa palepale

Watu wawili wasio ndugu, meza moja, daftari moja. Wahesabu taslimu, waandike, watie saini wote wawili, wapige picha ukurasa huo, na pesa ziende benki siku hiyo au asubuhi inayofuata. Michango ya simu chapisha orodha yake. Usichukue "kidogo tu ya nauli" kutoka kwenye ndoo ya michango. Nauli ilipwe kwenye akaunti kwa risiti. Najua inaonekana kama kutoaminiana. Inamlinda zaidi yule mwaminifu, siku akiulizwa.

Hatua ya 9: Habari ya siku ya pili

Itoke ndani ya saa 48. Baada ya hapo watu wanawaza mengine. Hii hapa ni habari ya aina ambayo vikundi vingi huandika:

"Uongozi unapenda kutoa shukrani za dhati kwa wadau wote waliofanikisha tukio letu lililofana sana. Tunathamini mchango wenu na tunaomba muendelee kutuunga mkono katika shughuli zetu mbalimbali."

Hamna kosa la lugha humo. Lakini hamna mbwa. Msomaji hajui zilipatikana pesa gani, zimeenda wapi, wala yeye ni mdau au si mdau. Sasa linganisha na hii:

"Mbwa 38, watu 61, kilomita 3, na ugomvi mmoja tu, uliohusu biskuti. Jumamosi mlitoa pesa za kuwafunga uzazi majike 17. Lengo lilikuwa 20, kwa hiyo bado watatu. Wa kwanza kuingia kliniki ni Kahawia, yule aliyetangulia mbele na kitambaa chekundu. Zamu yake ni Jumanne. Hesabu yote iko chini ya picha. Anayetaka kumalizia wale watatu, akaunti ni ile ile."

Angalia ilivyojengwa. Inaanza na idadi inayoonekana kwa macho. Upungufu hauufichi, unautumia: watatu waliobaki ndio ombi lenyewe. Kuna mbwa mmoja mwenye jina. Na kuna Jumanne, kwa hiyo msomaji ana sababu ya kurudi Jumatano kuuliza Kahawia anaendeleaje. Usipoandika Jumatano, umeharibu.

Hesabu chini ya picha iwe mistari minne au mitano: ada, wadhamini, mauzo, gharama, kilichobaki. Orodheshea majina ya waliotoa ikiwa wamekubali tu. Wapo wanaotoa kimya na wanataka kubaki kimya.

Hatua ya 10: Habari ya mwezi mmoja baadaye

Hii ndiyo huachwa, na ndiyo inayoleta pesa. Andika majike wangapi wameshafungwa uzazi, nani alipata shida na ikawaje, nani kapata makao. Kama mmoja alikufa, sema. Andika lini, nini kilitokea, daktari alisema nini. Mara ya kwanza tulipoandika habari ya kifo nilidhani tutakimbiwa. Wachangiaji watatu walipiga simu kuuliza kama tunahitaji blanketi.

Pesa zilizochangwa kwa ajili ya majike zisilipe kodi ya ofisi. Kama mambo yamebadilika na mnalazimika kuzihamisha, waombeni waliotoa kwanza. Mwaka ujao ukitaka uhuru zaidi, andika tangu mwanzo: "zikizidi lengo, zitaenda kwenye chakula na matibabu."

Mambo yakiharibika

*Waliojisajili ni wachache, zimebaki wiki mbili.* Usiahirishe. Mbwa 15 wanatosha, punguza lengo na useme wazi umelipunguza. Wapigie simu watu kumi mmoja mmoja. Tangazo la jumla kila mtu hudhani linamhusu mwingine.

*Mvua.* Manyunyu, endeleeni. Radi, simamisheni, mbwa wengi huogopa radi na watavuta kamba mpaka zikatike. Uwe na tarehe ya pili kwenye tangazo la kwanza kabisa.

*Mbwa anahema kupita kiasi, anadondosha mate, ufizi mwekundu sana, anayumba.* Ni joto. Mtoe juani, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kama anaweza kunywa. Poza kwanza, kisha kimbiza kliniki. Usimfunike taulo lililolowa na kuliacha, linageuka blanketi.

*Mbwa wanapigana.* Usiingize mkono katikati, hata kama ni wako. Rusha blanketi au maji juu yao. Ikishindikana, watu wawili washike miguu ya nyuma, kila mtu mbwa wake, warudi nyuma kwa pamoja. Kisha wote wawili waende nyumbani. Usitafute aliyeanza.

*Mtu ameumwa.* Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, saa ikiangaliwa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Nakili kadi ya chanjo ya mbwa huyo ampelekee daktari. Hata mbwa akiwa na chanjo, uamuzi wa sindano ni wa daktari, si wako.

*Mbwa kakata kamba.* Asikimbizwe, akikimbizwa atakimbia zaidi. Mtu anayemjua achuchumae, ageuke ubavu, amwite kwa sauti ya kawaida akiwa na chakula. Wengine wafunge njia za kutokea barabarani. Akipotea machoni, acha nguo ya mwenyewe mahali alipoonekana mara ya mwisho, na mtu akae hapo.

*Ahadi hazijalipwa.* Kumbusha mara mbili: siku tatu baadaye na siku kumi baadaye. Ya pili iambatanishe na picha ya jike aliyekwisha kufanyiwa upasuaji. Baada ya hapo acha. Ile ziada ya wanne uliiweka kwa kazi hiyo.

*Mtu analalamika hadharani kwamba pesa zimeliwa.* Usimjibu kwa hasira wala usifute maneno yake. Weka ukurasa wa daftari wenye saini mbili na risiti za kliniki, kisha nyamaza. Kama huna ukurasa huo, rudi Hatua ya 8.

*Mnakunja mahema, mtu anashusha boksi la watoto wa mbwa na kuondoka.* Itatokea, tukio lako limetangazia kila mtu mlipo. Tangu asubuhi mteue mtu mmoja wa kazi hiyo tu, mwenye boksi lake, taulo zake na gari ambalo halitapanda mbwa mwingine siku hiyo. Watoto hao wasiguse nyasi wala kupelekwa moja kwa moja kwenye makazi kwa wenzao, kwa sababu hujui wana nini. Waende kliniki, kisha chumba cha peke yao. Aliyewashika anawe, abadilishe nguo, na viatu vyake avisugue kwanza kwa sabuni, kisha kwa blichi sehemu 1 kwa maji sehemu 30, aviache vilowe dakika kumi. Na mpiga picha wako, kama bado hajaondoka, achukue picha moja ya boksi. Utaihitaji kwenye habari ya siku ya pili.